Jumapili ya Kupumzika

Haya, nyamazeni kidogo niwaeleze habari ya nyumba moja huko Tukuyu, nyumba ya bati jekundu inayonyeshewa karibu mwaka mzima. Humo waliishi wanawake wanne na mtoto mmoja, na mwanamume mmoja ambaye mara nyingi hakuwamo.

Mwanamume huyo aliitwa Ambokile, dereva wa lori la mizigo linalokwenda Kongo. Safari yenyewe angeimaliza kwa siku chache, lakini foleni ya mpakani iliigeuza ikawa ya wiki na wiki. Kila alipopiga simu alisema, "Bado tumesimama," mpaka mkewe akaacha kuuliza.

Wanawake walikuwa hawa. Wa kwanza ni Bibi Sekela, mama yake Ambokile, mwenye pua. Pua kila mtu anayo, lakini ya Bibi Sekela ilikuwa pua ya kazi. Kwa miaka mingi alipokea maziwa ya wafugaji kituoni. Alikuwa anafunua ndoo, anainama mara moja, anasema, "Haya ni ya jana," na mwenye ndoo anaondoka bila kubishana.

Wa pili ni Tumpe, mdogo wake Ambokile, msichana wa kidato cha nne, mwenye ulimi. Tumpe aliweza kumtoa mtu neno alilokusudia kuzikwa nalo. Jirani mmoja aliwahi kuwaibia jogoo. Tumpe alimkaribisha chai, akamsifia viatu, na kabla kikombe hakijaisha jirani alikuwa amekwisha kueleza hata namna alivyomuunga yule jogoo kwa nazi.

Wa tatu ni Skola, dada wa kazi, mwenye pumzi. Alizaliwa juu milimani, na mlima uliowasimamisha wenzake kila hatua tatu yeye aliupanda na ndoo kichwani huku anaimba. Kuni mbichi zilizomshinda kila mtu, Skola alizipuliza mara moja zikashika. Na uji ambao Skola hakuupuliza, Gwamaka hakuunywa.

Gwamaka ndiye mtoto wa nyumba hiyo, wa miaka minne. Mama yake aliitwa Atupele, na huyo ndiye wa nne. Ukiwauliza watu wa pale kipaji cha Atupele ni nini, wangefikiri kwanza.

Atupele alifundisha darasa la kwanza, darasa ambalo watoto wanabanana wanne wanne kwenye dawati, na kila mmoja ana penseli inayohitaji kuchongwa sasa hivi. Akitoka huko alikuta ng'ombe wawili wanaosubiri pumba, paa linalovuja chumba cha mama mkwe, wifi anayetaka kuelezwa hesabu, na mafundi, wageni na misiba ya ukoo, ambayo yote ilimhitaji mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko foleni. Usiku haukuwa wake pia. Tangu baba yake aondoke, Gwamaka alilala kitanda kikubwa, upande wa baba, na kila alipoamka aliuliza, "Baba amefika wapi?" Atupele alimtajia mji wowote. Alikuwa amejifunza kuitaja miji ya njiani huku yeye mwenyewe amelala.

Basi yakaja mafua. Tukuyu wakati wa baridi mtoto asiye na mafua ndiye anayeshangaza watu, kwa hiyo Atupele alinunua dawa ya maji, akampa asubuhi na jioni, na akawa anampangusa pua kwa pindo la kanga. Alipangusa upande uleule kila mara, wala hakuona kwamba ni upande uleule.

Siku moja mchana, Atupele akiwa shuleni, Bibi Sekela alimpakata mjukuu wake amnyweshe maziwa. Mtoto aliinamia kikombe, bibi akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Tumpe! Njoo unuse huyu mtoto."

Tumpe alikuwa amerudi kuchukua daftari. Akainama, akanusa. "Mafua tu hayo, mama."

"Mafua ya pua moja umeyaona wapi? Huku kukavu, huku kunatoka usaha. Kuna kitu humu, na kimeoza. Mimi nimenusa vilivyooza kabla hujazaliwa."

Bila pua ile, watu wa nyumba wangeendelea kununua dawa ya mafua.

Lakini walipomuuliza Gwamaka ameweka nini puani, alifumba mdomo, akaziba pua kwa viganja vyote viwili na kuingia chini ya kitanda. Bibi alimwahidi yai. Skola aliyekuwa akifua alimwahidi muwa. Mtoto akajisogeza hadi ukutani. Walipojaribu kumvuta mguu alipiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani.

Ndipo Tumpe alipokwenda jikoni akaokota gunzi la mahindi, akakaa sakafuni kando ya kitanda, akaliweka sikioni.

"Haloo? Kaka! Eh, sisi hatujambo. Bado mmesimama? Poleni. Gwamaka? Yupo, lakini hataki kuongea na wewe. Sijui, labda amekusahau."

"Sijamsahau!" ikatoka sauti chini ya kitanda.

"Anasema hajakusahau. Ngoja nimwulize kama atapokea."

Mkono mdogo ukatokea. Tumpe akaukabidhi gunzi.

"Baba," alisema Gwamaka kwa sauti ya chini, "niliweka godoro lako puani."

Tumpe akasogeza kichwa chake upande wa pili wa gunzi, akakoromesha sauti kama ya kaka yake. "Kwa nini, mwanangu?"

"Lina harufu yako. Nikaona isije ikaisha."

Walipoinua shuka waliona. Upande wa baba kitambaa cha godoro kilikuwa kimetoboka, na kwenye tundu sponji ilikuwa imenyofolewa kidogokidogo na vidole vya mtoto. Tumpe, aliyezoea kucheka kila anapompata mtu, safari hiyo hakucheka. Lakini bila ulimi wake, nani angejua ni kitu gani, na kimeingia pua ipi, na kwamba ni sponji, ambayo ikilowa inavimba?

Magoti ya Bibi Sekela yalikuwa yamevimba tangu mvua zianze. Tumpe alikimbilia shuleni kwa Atupele, upande wa bondeni. Zahanati ilikuwa upande wa juu. Skola alifuta povu mikononi, akamfunga Gwamaka mgongoni na kuupanda ule mlima kwenye tope, bila kupumzika.

Nesi alimulika tochi, akaiona ncha ya kitu kile, nyeusi. Akajaribu kwa koleo ndogo. Gwamaka alimuuma kidole. Akajaribu tena huku wamemshika wawili, mtoto akarusha kichwa, na ile sponji ikaingia ndani zaidi. Nesi akaweka koleo chini.

"Nikiendelea hivi nitaisukuma nyuma. Ikishuka kwenye njia ya hewa atapaliwa. Hata usingizini ingeweza kumtokea, mshukuru Mungu. Sasa kuna njia moja kabla hatujampeleka hospitali kubwa. Mama anaziba kwa kidole tundu la pua lisilo na kitu, anaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, anapuliza kwa nguvu mara moja. Lakini lazima awe mtu ambaye mtoto atamfungulia mdomo. Wewe ndiye mama yake?"

"Ndiyo," alisema Skola.

Kisha akamwambia Gwamaka, "Fungua, uji wa moto, nikupulizie," na Gwamaka akafungua. Skola akapuliza. Ile sponji iliruka na usaha wake wote ikamtua shavuni.

Bila pumzi ile, pua na ulimi vingekuwa vimefanya kazi ya bure.

Atupele alifika akiwa na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope. Alimkuta mwanawe amelala mgongoni mwa Skola.

"Kimetoka, ametulia," alisema nesi. "Mama yake amempuliza vizuri sana. Na wewe ni nani yake?"

Atupele akamgeukia Skola. Skola akatazama chini.

"Nilisema mimi ndiye mama, dada. Walitaka mama."

"Ulisema vizuri," alijibu Atupele, akakaa kwenye benchi, akavua kiatu cha pili. Alishukuru, na shukrani yake ilikuwa ya kweli. Lakini njia nzima ya kurudi alikuwa akifikiria mto. Alilala na mtoto yule mto mmoja, pua kwa pua, na bibi aliyelala chumba cha pili ndiye aliyesikia harufu.

Ambokile alirudi Jumamosi mchana, amekonda, mgongo umekakamaa kwa kukaa. Jumatatu alfajiri alitakiwa awe barabarani tena. Alisimuliwa yote, kila mtu akimkatisha mwenzake, na walipofika kwenye gunzi alitoka nje kidogo, akarudi amenawa uso.

"Sina zawadi ya kutosha jambo hili," alisema. "Nina Jumapili moja tu. Basi kesho mmoja wenu anapumzika. Kazi zake zote, tangu alfajiri hadi taa inazimwa, nabeba mimi, na yeye hataguswa hata kwa swali. Mmoja. Kwa mgongo huu, nikisema wote mtanizika Jumatatu."

"Ng'ombe atakukubali?" aliuliza Tumpe. "Hakujui tena. Atakupiga teke kama mwizi."

"Anipige. Nani anapumzika?"

"Tugawane," alisema Atupele. "Kila mtu apate saa zake."

"Hapana," alisema Bibi Sekela. "Kupumzika kipande ni kama kuoga mguu mmoja. Unakaa umetega sikio, unangoja kuitwa. Mimi nimezeeka, sina haya, nadai waziwazi: nipeni mimi. Magoti haya yanakamua alfajiri na jioni, na ng'ombe hajui Jumapili. Na nisingenusa, sasa hivi tungekuwa na habari nyingine."

"Ulinusa, mama, lakini ulinusa kitu usichokijua," alisema Tumpe. "Mimi ndiye niliyekijua. Na mtihani wangu ni Jumatatu. Naamka kukata majani, nachota maji, nikifika darasani nasinzia mpaka mwalimu ameniita Bibi Kitanda. Siku moja tu ya kusoma nikiwa macho, kaka."

Skola alikuwa akisugua sufuria mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Mimi niliahidiwa siku yangu tangu Pasaka," alisema. "Kila ikifika kunatokea jambo. Sitaki kwenda popote. Nataka nilale mpaka jua linikute kitandani, nione linafananaje. Ila sidai. Nakumbusha tu."

Ya Skola ilikuwa kweli. Ya Tumpe ilikuwa kweli. Ya bibi pia.

Ambokile akamgeukia mkewe. "Mimi sikuwepo, siwezi kuhukumu. Nisipokuwepo mwenye nyumba ni wewe. Taja mmoja kati ya hawa watatu."

"Watatu?" alisema Bibi Sekela. "Na huyu?"

"Wifi hakufanya kitu, mama," alisema Tumpe. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayehesabu vikombe.

"Ndiyo. Hakufanya kitu," alisema bibi. "Mama amelala na mwanawe shavu kwa shavu na hakusikia uvundo ule. Unajua mtu anafikaje hapo? Mimi nimefika, nilipokulea wewe, baba yenu naye yuko migodini. Mtu anachoka mpaka pua inakufa. Leo amepona mtoto kwa sababu tulikuwepo watatu. Huyu asipolala, siku nyingine atapitwa na nini?"

"Kwa hiyo asiyefanya ndiye alipwe?" aliuliza Tumpe. "Basi na mimi kuanzia kesho sifanyi."

"Aliyekuuliza kuhusu malipo nani? Tunaulizana nani apumzike."

"Si umetoka kudai, mama? Umeacha?"

"Sijaacha. Nadai bado. Nimesema tu na yeye ahesabiwe."

Ambokile alijikuna kichwa. Skola alikuwa ameacha kusugua. Gwamaka alipanda magotini kwa baba yake, akaegemea shati, akanusa kwa matundu yote mawili, akasinzia palepale. Yeye peke yake aliupata usingizi bila kesi.

Atupele alitazama magoti ya mama mkwe, madaftari ya wifi, mikono ya Skola iliyokunjamana kwa maji. Kila jina alilolifikiria lilistahili. Kisha likaja jina lake, nalo likakataa kuondoka. Aliitaka ile siku kuliko alivyowahi kutaka kitu, na kwa kuwa aliitaka hivyo hakujiamini kuigawa. Akiitwaa, Skola atamtazamaje, yeye aliyeitwa mama kwa niaba yake? Akiitoa, usiku wa Jumatatu mtoto ataamka na kuuliza mji, na atakayejibu ni nani, macho yakiwa wazi au yamefumba?

Zizini ng'ombe alianza kulia, wakati wa kukamua umefika. Wanawake wanne walimsikia, na hakuna aliyeinuka. Wengine wote walimtazama Atupele, wakingoja.

Nami nawaachia hapohapo, kwa sababu hukumu hiyo sikuiweza. Pua ilinusa, ulimi ukauliza, pumzi ikatoa, na kati ya hivyo vitatu ukiondoa kimoja mtoto haponi. Wa nne hakutoa chochote, kwa kuwa kilichokuwamo kilikuwa kimekwisha kutolewa chote kabla ya siku ile. Jumapili ni moja, na haikatwi vipande.

Nyinyi mlioketi hapa, hasa wewe unayetikisa kichwa kana kwamba ni rahisi: ungekuwa Atupele, ungemtaja nani?