Mtahiniwa Namba Arobaini

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia, lakini kivivu. Yuko mmoja aliyekuwa akiniitikia mpaka kuku wanashtuka bandani. Mwaka huu hayupo. Mola amlaze pema. Basi itikieni na sehemu yake. Paukwa!

Pakawa!

Sasa nimesikia. Wadogo sogeeni, wakubwa nyamazeni.

Hapo kale, kale ya babu wa babu, wanyama walikuwa na nchi nne. Nchi ya Mto, nchi ya Mbuga, nchi ya Msitu, na nchi ya Majabali. Kila nchi ilikuwa na mtihani wake wa watoto. Mtoni, mtoto alizamishwa, chubwi! Akiibuka mwenyewe, amefaulu. Mbugani, mtoto alikimbia. Msituni, alipanda mti. Majabalini, aliruka kutoka jiwe hadi jiwe.

Kila kiangazi wanyama wote walihamia Ziwa Kuu. Njiani kulikuwa na mipaka. Na kila mpakani mtoto alipimwa upya, kwa mtihani wa nchi ile. Asiyefaulu havuki. Mtoto wa kiboko anaambiwa, panda mti. Mtoto wa nyani anaambiwa, zama. Vilio mpaka huu, vilio mpaka ule.

Wakubwa wa nchi nne wakasema, "Tutunge mtihani mmoja. Mtoto apimwe mara moja, avuke mipaka yote."

Wazo lilikuwa jema. Nasema kweli, lilikuwa jema. Mawazo mengi huwa mema kabla hayajaitishiwa kikao.

Kikao kikaitishwa. Kiboko akaja kutoka Mto. Pundamilia akaja kutoka Mbuga. Nyani akaja kutoka Msitu. Na kutoka Majabali akaja Pimbi, mdogo wa mwili, mkubwa wa maneno. Kiboko akawa mwenyekiti, kwa sababu alipokaa hakubaki mahali pa mwingine kukaa.

Wakaweka kanuni. Swali lazima likubaliwe na nchi zote nne. Mjumbe mmoja akilikataa, anapiga mguu chini, ndu! Swali limekatwa.

Kiboko akaanza. "Swali la kwanza. Mtoto azame mpaka tuhesabu kumi."

"Wangu utawafufua wewe?" akauliza Pimbi. Ndu! Limekatwa.

Pundamilia akasema, "Basi akimbie kutoka hapa hadi kwenye ule mgunga."

"Mheshimiwa," akasema Kiboko, "hebu itazame hii miguu yangu. Mwanangu ameirithi." Ndu! Limekatwa.

Nyani akasema, "Apande mti."

Ndu! Ndu! Ndu! Hilo lilikatwa mara tatu.

Pimbi akasema, "Aruke jabali hadi jabali." Ndu! Limekatwa.

Wakakaa siku saba. Wakila, wakikata. Wakinywa, wakikata.

Siku ya nane akaja mama mmoja, mama wa ngiri. Mumewe alikufa kwa kiu kiangazi kilichopita, na watoto watatu walikufa kwa kiu ileile. Walizuiwa mpakani, kwa kuwa hawakujua kupanda mti. Alibakiwa na binti mmoja, jina lake Pekua. Ndiyo maana wote walimwita Mama Pekua.

Mama Pekua akapiga magoti. Ngiri hupiga magoti hata anapokula, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba ni heshima.

Akasema, "Waheshimiwa, shikamooni. Nina swali moja la kuongeza. Kuchimba."

Nyani akacheka. "Kuchimba ni somo, mama? Kuchimba ni uchafu."

Pundamilia akauliza, "Wewe ni wa nchi gani?"

"Tunakaa popote penye mizizi, baba. Leo kwako, kesho kwa mwenzako."

"Basi huna nchi," akasema Pimbi. "Asiye na nchi hana mjumbe. Asiye na mjumbe hana mguu wa kupiga chini. Utaongezaje swali?"

"Lakini mwanangu atafanya mtihani?"

"Atafanya! Mtihani ni wa wote."

Mama Pekua akainuka, akajifuta vumbi magotini, akaenda zake.

Jioni ya siku ile kazi ikaisha. Maswali yote yalikuwa yamekatwa, isipokuwa matatu. Nayo yalikuwa haya. Mtoto atulie. Mtoto anyamaze. Mtoto atazame mbele.

"Haya kila mtoto anayaweza!" akasema Kiboko. Wakapongezana. Wakahutubiana. Nyani akalia kwa furaha.

Siku ya mtihani ikafika. Uwanja ulikuwa mkavu, jua linachoma. Watoto thelathini na tisa wakapangwa mistari. Msimamizi alikuwa Korongo, mwenye shingo ndefu na miguu mirefu. Akapewa amri, asitazame uso wa mtahiniwa, asije akampendelea anayemjua. Atazame namba tu.

Namba aliandika Nyani, kwa chokaa, ubavuni. Moja, mbili, tatu, mpaka thelathini na tisa. Na palikuwa na jiwe mwishoni mwa mstari. Nyani alitaka kujua kama chokaa imebaki, akaijaribu juu ya jiwe. Akaandika arobaini. Chokaa ilikuwa imebaki. Akaondoka.

Pembe ikalia, puu! Mtihani ukaanza.

Watoto wakatulia. Wakanyamaza. Wakatazama mbele.

Wakaja inzi. Zzzz! Mtoto wa pundamilia akapunga mkia.

"Mkia!" akasema Korongo. "Kutulia, hana."

Mtoto wa kiboko akapiga chafya, chwaa!

"Sauti! Kunyamaza, hana."

Mtoto wa nyani akajikuna hapa, akajikuna pale. Mtoto wa pimbi akamgeukia kumtazama.

"Kutulia, hana. Kutazama mbele, hana."

Na Pekua je? Pekua alikuwa namba kumi na saba. Alijitahidi, maskini. Mama yake alikuwa amemwambia, "Mwanangu, leo uwe kama gogo." Akawa kama gogo. Kisha pua yake ikasikia harufu. Mfu, mfu. Harufu inatoka chini ya ardhi. Mfu, mfu. Akashindwa. Akapiga magoti, akachimba. Kwaru kwaru! Kwaru kwaru! Na huku anaita, "Mama! Mama!"

"Namba kumi na saba!" akasema Korongo. "Hakutulia, hakunyamaza, na ametazama chini. Sifuri!"

Akatembea mpaka mwisho wa mstari. Akaiona namba arobaini. Imetulia tuli. Imenyamaza kimya. Inatazama mbele, au walau haijatazama nyuma. Akasimama pale muda mrefu, anastaajabu. Akaandika, "Tatu kwa tatu. Mtahiniwa wa ajabu. Wazazi wake wapongezwe."

Majibu yakasomwa mbele ya wote. Kiboko akasema, "Wametahiniwa arobaini. Amefaulu mmoja. Namba arobaini!"

"Huyo ni wa kwetu," akasema Pundamilia kabla hajamwona.

"Wa kwetu!" akasema Nyani. "Ule utulivu ni wa msituni."

"Nyie nyote hamumjui," akasema Pimbi. "Yule ni wa Majabali. Nimemlea mwenyewe."

Wakaenda kumtazama. Wakafika. Wakasimama.

Wakazunguka, wakatazama nyuma yake.

Pimbi akasema polepole, "Wa Majabali nilisema mimi."

Nyani akanong'ona, "Mwenyekiti, hili ni jiwe. Tufute, turudie."

"Turudie?" akasema Kiboko. "Tukisema tumekosea, watasema mtihani ni mbovu. Wakisema mtihani ni mbovu, watauliza siku zile nane tulikuwa tunafanya nini. Wewe utawajibu?"

Nyani akatazama juu ya miti.

Basi jiwe likavishwa shada. Likabingirishwa mpaka mpaka wa kwanza, bingiri bingiri. Likavuka. Wa pili, likavuka. Mipaka yote likavuka, na ngoma inalia. Na watoto thelathini na tisa wakabaki, maana sheria ni sheria, asiyefaulu havuki. Na mzazi gani atamwacha mwanawe? Kwa hiyo wazazi nao wakabaki. Hata wajumbe wenyewe wakabaki, kwa sababu watoto wao walikuwa wameanguka.

Mama Pekua alikuwa amemvuta binti yake kando.

"Mwanangu, sikukwambia uwe kama gogo?"

"Uliniambia, mama."

"Sasa kwa nini ulichimba? Unataka nikuzike na wewe? Nimebakiwa na nani mwingine?"

Pekua akalia. Akasema, "Mama, nilisikia harufu ya maji. Nikakuita uje uone. Nilidhani ukiona maji utafurahi."

Mama Pekua akamfuta machozi. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Wakarudi uwanjani, mama na binti. Walikuta uwanja mtupu. Wakapiga magoti wote wawili. Kwaru kwaru, kwaru kwaru. Vumbi. Kwaru kwaru. Kokoto. Mama akasema, "Ewe Mola, wewe uliyewachukua wanne, huyu mmoja niachie." Kwaru kwaru. Udongo ukawa mweusi. Kwaru kwaru. Udongo ukawa baridi. Kwaru kwaru, na pua ya Pekua ikaingia mpaka machoni. Pwaa! Maji!

Maji machafu kwanza. Kisha ya rangi ya maziwa. Kisha safi kabisa.

Pekua akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Mama akanywa. Habari ya maji haifichiki, hata ukiifunika kwa majani. Mtoto wa nyani alikuwa wa kwanza kufika. Akasimama mbali, ulimi nje, anaogopa kukaribia.

"Mama," akasema, "kwanza tupange mstari?"

"Njoo tu, mwanangu."

"Na namba yangu imefutika."

"Njoo tu."

Wakaja wote. Wenye kwato, wenye kucha, wenye midomo. Mama Pekua hakumuuliza mtoto hata mmoja swali lolote.

Mwisho akaja Kiboko na wenzake watatu. Ngozi ya Kiboko ilikuwa imepasuka kama chungu kibovu. Hata hivyo akakohoa kwanza, kikohozi cha mwenyekiti.

"Nani ameruhusu kisima hiki? Aliyechimba amefaulu mtihani gani?"

"Ameanguka, baba," akasema Mama Pekua. "Alipata sifuri. Kunywa."

Kiboko akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akainama, akanywa. Gubu, gubu, gubu. Wajumbe wote wakanywa.

Nyani akainuka, kidevu kinadondosha maji. Akasema, "Waheshimiwa, mimi naona tuitishe kikao. Kuchimba kuingizwe kwenye mtihani. Kuwe swali la nne."

"Wangu wana kucha laini," akasema Pimbi. Ndu!

"Wangu wana kwato," akasema Pundamilia. Ndu!

Nao wakaketi palepale, midomo bado mibichi, wakaanza kukata.

Mama Pekua hakuwasikiliza. Alikuwa anatazama watoto wa wengine wanavyokunywa. Akawakumbuka watatu wake na baba yao, ambao hakuna aliyewaambia "njoo tu." Machozi yakamtoka, naye akasema, "Mola ashukuriwe." Kisha akaona kwamba yeye ni mkubwa wa mwili, na pale aliposimama watoto wawili wangeweza kuingia. Akasogea pembeni, akawapisha.

Wadogo, mmesikia? Wakubwa, mmesikia? Mafunzo yake ni haya, wala sitayaficha. Mola amempa kila mtoto kipaji chake, na kukipima ni kazi njema. Lakini ukiondoa kwenye mtihani kila kitu ambacho watoto wanakiweza, ili tu wakubwa wasigombane, atakayefaulu ni jiwe. Na siku ya kiu, jiwe halichimbi.

Ngano yangu imefika ukingoni, nami naiacha hapo. Ikiwa imekufaa, mwombee dua yule ambaye leo hakuitikia.