Bunju wa Mgeni Anayejipikia

Kaeni, na mwenye hasira zake akae nazo. Hii si hadithi ya kubembelezea watoto usingizi.

Kijijini Chalezoni walikuwako watu watatu. Mejumaa alikuwa na jicho: kitu akishakiona mara moja hakimpotei. Alikuwa pia na digrii ya utalii, upper second tena, ambayo tangu aipate haijamletea ila barua za kunyimwa kazi: "we regret to inform you." Tsuma, mvuvi na mwashi, alikuwa na mwili: hakuna ukuta asioweza kuuparamia. Bi Mwanamkasi, muuza mahamri, alikuwa na kichwa kigumu. Akishaamua jambo, hata chifu humpisha.

Palikuwa na nyumba ya tajiri fulani wa mbali, na Mejumaa ndiye aliyemtangazia mtandaoni, kwa ahsante tupu. Self-catering. Yaani mgeni anapewa jiko, sufuria na ufunguo, kisha anaachwa ajipikie.

Kijiji hakikuelewa. "Hata aliyefiwa hupikiwa," alisema Bi Mwanamkasi, jirani wa nyumba ile. "Huyu kakosa nini?" Akapeleka wali wa nazi asubuhi, mchana akapeleka tena, mpaka mgeni, Bwana Musyimi kutoka Machakos, akamwomba Mejumaa amzuie bibi kwa adabu. Mejumaa akamzuia, adabu ikapungua kidogo njiani. Bi Mwanamkasi akaapa hakanyagi tena jiko lile.

Siku iliyofuata Musyimi na bintiye Ndinda waliteremka ufukweni, wakasaidia kuvuta wavu. Desturi ya Chalezoni ni kwamba kila aliyeshika kamba ana kitoweo chake. Tsuma, mikono imenasa wavuni, akamwambia, "Chukua chako pale mchangani, mzee." Alimaanisha fungu la samaki wa kuliwa, changu na tasi. Musyimi kwa haya za ugeni hakutaka kuonekana mlafi, basi akaokota samaki mnene aliyetupwa kando, asiyegombaniwa na mtu.

Wakati huo Mejumaa yuko mjini, kwenye foleni ya usaili wa kazi ya kaunti. Simu ikaingiza picha kutoka kwa Musyimi: samaki juu ya ubao, kisu pembeni, na maneno, "Leo tunajipikia!" Tumbo la mviringo, meno kama mdomo wa kasuku. Bunju. Samaki mwenye sumu ambaye hata paka wa Chalezoni humruka. Akapiga simu. Mteja hapatikani, si yuko likizo, kaizima. Mlangoni likaitwa jina lake. Mejumaa akautazama mlango, akaitazama simu, akatoka nje kumpigia Tsuma. Aliporudi, kiti kilikuwa na mtu mwingine.

Tsuma aliacha kamba, akakimbia, akampigia Bi Mwanamkasi kelele za bunju alipopita kwake. Lango la nyumba ya mgeni limefungwa kwa ndani kwa ajili ya nyani, na juu ya ukuta ni vigae vya chupa alivyovipanda Tsuma mwenyewe. Akaupanda. Kiganja kikachanika mpaka kwenye kano. Akavunja kufuli kwa jiwe, akafika jikoni anahema, "Bunju, bunju." Musyimi akaona mtu anayevuja damu anadai samaki wake.

"Ni haki yangu," akasema. "Nilivuta kamba."

Bi Mwanamkasi hakuja kubishana. Alipita kwapani mwa Tsuma, akakipiga kijiko kilichokuwa njiani kuelekea kinywani mwa Ndinda, akainyanyua sufuria ya moto kwa mikono mitupu, akaimwaga nje. Ndipo akaeleza.

Musyimi alilia. Kisha akasema anajenga nyumba za wageni jirani na pale na anataka msimamizi: mkataba, mshahara wa kila mwezi, bima. "Nafasi ni moja," akasema. "Ni ya aliyeniokolea mwanangu. Semeni ni nani."

"Bila jicho langu mngekuwa mnachimba kaburi," alisema Mejumaa, aliyekuwa amesharudi kutoka mjini.

"Jicho lako lilikuwa mjini, msomi. Mimi kwa kiganja hiki kasia silishiki tena," alisema Tsuma.

"Ulifika ukakodoa macho, Tsuma," alisema Bi Mwanamkasi, mikono yake imefungwa bendeji, wiki hiyo hakuna mahamri. "Mtoto kaokolewa na sufuria iliyomwagika."

Mejumaa akamuuliza Tsuma ni nani aliyemwelekeza mgeni mchangani. Tsuma akamuuliza ni nani aliyeleta mambo ya kujipikia. Bi Mwanamkasi akasema yeye angeachwa apeleke sahani yake ya wali, wote watatu wangekuwa wamelala mchana huu. Kwa mara ya kwanza kazi ilikuwa imesimama mbele ya Mejumaa, na wa kumwambia "we regret" safari hii walikuwa jirani zake.

Haya, nyinyi mliokunja mikono hapo. Msiniambie wagawane, kiti ni kimoja na makalio ni matatu. Musyimi ameshapakia mizigo garini, injini inanguruma, anangoja jina. Mngemtajia la nani?