Bendi Mbili Njia Panda

Wahenga walipomwita mgeni aje ili mwenyeji apone, hawakuwa wakiwaza zawadi za kapuni tu. Mgeni huja na macho ambayo hayajaizoea nyumba, kwa hiyo huweza kuona mlango mahali ambapo wenyewe wanaona ukuta. Jambo hili lilidhihirika mwaka jana mjini Jeddah, katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Rawdah.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Madam Raniya, mpiga piano na mwalimu wa muziki. Selipher, mama wa wana wawili kutoka Vihiga, Kenya, alikuwa mfanyakazi wake wa ndani kwa mwaka wa tatu. Alipika, akafua, akapiga pasi na kumlea Jori, binti mdogo wa madam. Yeye na madam walielewana kwa Kiarabu cha jikoni, na muziki hawakuwahi kuuzungumzia hata siku moja.

Madam alikuwa na azma ya kuanzisha tamasha jipya la jazi litakalowaunganisha wanamuziki wa Riyadh na wa Jeddah. Kituo kimoja cha sanaa kilikubali kulidhamini, ila kwa sharti kwamba waandaaji wajadiliane mbele ya umma mara mbili na kusikiliza maoni ya watu. Mjadala wa kwanza, kule Riyadh, uliharibika. Badr, mpuliza saksafoni aliyewaongoza wenzake wa Riyadh, alishikilia kwamba jazi ipigwe vile vile ilivyopokewa kutoka ng'ambo. Vijana wa Jeddah walitaka ijengwe juu ya nyimbo za harusi za kwao Hijazi, kwa udi na ngoma. Kila mwamba ngoma akawa anavutia ngozi kwake. Madam alirudi amenywea kama mche uliosahauliwa juani, kwa kuwa wasipoafikiana Jeddah mradi ungefutwa.

Mjadala wa pili ulifanyika Alhamisi alasiri. Selipher alikwenda kumshika Jori, akaketi safu ya nyuma pamoja na Allan, dereva wa nyumba hiyo, Mkenya mwenzake. Saa nzima ikapita jukwaani yakirudiwa yale yale ya Riyadh. Badr alisema wenzake hawatakubali kumezwa. Mpiga udi wa Jeddah akajibu kuwa wao si wapambe wa harusi ya watu. Mwongozaji wa mjadala akawageukia wasikilizaji na kuuliza kama kuna mwenye neno.

Selipher alimnong'oneza Allan kwamba yeye analo.

"Dada, hapa tuko kazini," Allan alisema. "Ukiteleza ulimi mbele ya watu hawa wote, halas, kazi imekwisha. Kafili aliyekuajiri hatakuuliza mara mbili."

Selipher alilijua hilo, na wanawe walisoma kwa jasho la kazi hiyo. Lakini alimwona madam akikusanya karatasi zake taratibu, kama mtu anayefunga mizigo ya safari asiyoitaka. Akampa Allan mtoto ampakate, akainua mkono.

Vichwa viligeuka. Kipaza sauti kikamfikia. Uso wa madam ulibadilika, na Selipher hakuweza kutambua kama ni hasira au hofu.

"Samahani, madam," alianza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. "Kwetu nilikuwa napuliza tarumbeta katika bendi. Ukitokea msiba mkubwa, bendi mbili zilitoka vilima viwili, kila moja na wimbo wake, zikakutana njia panda. Ikawa kelele tupu. Mwalimu wetu akaweka sheria kwamba atakayefika kwanza ashushe sauti, amsikilize mwenzake mpaka aujue wimbo wake, kisha amsindikize. Halafu yule mwingine naye amsindikize huyu. Hakuna aliyeuacha wimbo wake."

Hakusema kwamba ilikuwa bendi ya kanisa. Hapakuwa mahali pake.

Badr alimgeukia. "Na kati ya Riyadh na Jeddah," aliuliza, "nani anafika kwanza?"

"Mwenye njia panda, bosi. Mgeni huwa bado yuko njiani."

Watu walicheka, kisha wakapiga makofi, kwani walikuwa wameelewa. Jeddah, wenyeji washushe sauti wawasikilize wa Riyadh. Riyadh, iwe kinyume chake. Badr aliitoa saksafoni yake. Mpiga udi akaanza kwa sauti ya chini. Mara ya kwanza walikanyagana, wakasimama. Mara ya pili saksafoni iliingia na wimbo wake, udi ukaufuata kama mtu anayemshika mgeni mkono gizani, na madam akakimbilia piano. Walipomaliza, mkurugenzi wa kituo aliwapa tarehe mbili, ya Jeddah na ya Riyadh.

Ndani ya gari Selipher alianza kuhesabu makosa yake. Hatimaye madam alisema, "Miaka mitatu nimekuuliza habari za sahani na nguo. Sikuwahi kukuuliza wewe ni nani."

"Nami sikusema, madam."

Madam alimwomba aje mazoezini kila Ijumaa. Selipher akajibu kwa heshima kwamba atakuja kwa moyo mkunjufu, ila Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika, basi apewe Jumamosi. Madam alicheka, akakubali. Wiki iliyofuata akamletea tarumbeta ya kuazima.

Tamasha la Jeddah lilijaa hata watu wakasimama ukutani. Kule Riyadh, wiki tatu baadaye, Selipher alisimama jukwaani katika wimbo wa mwisho. Midomo ilikuwa imesahau kazi, noti mbili zikampasukia, lakini Badr alishusha saksafoni yake na kumsindikiza mpaka alipopata pumzi. Ndipo ukumbi mzima ukashuhudia kwa masikio yake kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone.