Manukato ya Shangazi

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa na maana ya madhara yanayotulia karibu na ngozi, mahali ambapo jicho halina shaka. Nakiri kwamba nilipokuwa nikimpakata mtoto wa jirani zangu, Lupe na Semisi, pale Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, nilisifu harufu yake ya waridi. Sikutambua kwamba kilio chake kilianza kila alipovalishwa harufu ile.

Harufu ilitoka kwenye nepi za kutupa, zilizokuja ndani ya pipa, kwa meli kutoka Auckland, pamoja na nyama ya kopo na mablanketi. Aliyezituma alikuwa Telesia, dada mkubwa wa Semisi, na kwetu shangazi si mtu wa kuzoeleka. Ndiye mkuu mbele ya watoto wa kaka yake. Ndiye aliyempa mtoto jina lake mwenyewe. Na anachotoa hakirudishwi.

Joto la Februari lilipozidi, mapaja ya mtoto yakawa mekundu kama pilipili iliyoiva. Muuguzi wa kliniki aliichukua nepi moja, akainusa, akakunja uso.

"Mama, hii inafaa kabati la nguo, siyo mtoto. Tafuta laini, zisizo na manukato wala rangi, zinazopitisha hewa. Na akilowa tu, mbadilishe."

Lupe alizipata nyeupe, zisizonukia chochote, katika duka la Mchina. Ngozi ikapoa. Zile za shangazi akazisukumia uvunguni mwa kitanda.

"Mpigie dada yako umwambie asitume tena," alimsihi mumewe.

Semisi alishtuka kama aliyeombwa kumeza kaa la moto. "Mimi? Nimtajie dada yangu matako ya mtoto? Kaka na dada hata filamu hatutazami chumba kimoja, bibie! Afadhali nikamtukane mchungaji mimbarani."

"Basi nitamwambia mimi."

"Wewe umeolewa tu hapa. Utaambiwa unaringa."

Wakanyamaza wote wawili, na ukimya ule wakauita heshima.

Mwezi Mei Telesia alikuja kwa Jumapili ya Watoto, sikukuu ya kanisani kwetu. Asubuhi, ua ukifuka moshi wa tanuri la ardhini, alimnyanyua mtoto wa jina lake, akamnusa shingoni.

"Mbona mimi mdogo hanukii? Nepi zangu ziko wapi, wifi? Au mnawauzia majirani?"

Wanaume waliokuwa wakipanga mihogo tanurini waliangua kicheko. Lupe naye alicheka, kicheko kikavu kama kumbi la nazi. Akaingia ndani, akainama uvunguni, akamvalisha mtoto. "Leo tu," alijiambia.

Leo ile ilikuwa ndefu. Ilianza ibada, yakafuata maghani ya watoto, kisha karamu. Na shangazi hakumwachia mtu mtoto. Alipolowa, alimbadilisha mwenyewe kwa nepi nyingine ya waridi. Alipolia hadi sauti ikakauka, shangazi alisema kwa fahari, "Huyu kwaya inamsubiri!" Lupe aliketi mwisho wa mkeka, mikono mapajani, akisikiliza.

Kufikia Jumanne ngozi ilikuwa imechubuka na kutunga usaha. Homa ikapanda, mtoto akalazwa, na daktari akapasua jipu pajani.

"Hamkujua kwamba manukato yanamdhuru?" daktari aliuliza.

"Tulijua," Lupe alijibu.

Telesia, aliyesimama kando ya kitanda cha mtoto, aligeuka taratibu. "Mlijua? Mlijua, mkaniacha nimuunguze kwa mikono yangu? Nani aliwaambia ningekasirika?"

Semisi alitazama sakafu, maana hata hapo hakuweza kumkazia dada yake macho. Lupe alitazama vidole vyake, ambavyo ndivyo vilivyofunga nepi ya kwanza asubuhi ile.

Mtoto alipona, kovu likabaki. Tangu hapo Telesia hatumi pipa, wala haji kwa Jumapili ya Watoto. Lupe hununua nepi nyeupe zisizonukia, na mgeni yeyote akimuuliza kwa nini, humweleza palepale, bila kumuonea haya. Amekwisha kujifunza kwa ngozi ya mwanawe kwamba kikulacho ki nguoni mwako.