Siku ya Thelathini ya Bi Mwantumu

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, maana simu zilikuwa zimeshafika, juu kwenye milima ya Usambara palikuwa na kijiji ambacho kilikuwa hakijawahi kuona darubini. Kisha mwalimu Shemhilu akanunua moja iliyokwisha kutumika, mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Wiki nzima hakuona kitu. Mkewe ndiye aliyemwambia, "Baba Amina, toa kwanza kifuniko cha mbele."

Ikafika jioni ya Ramadhani ishirini na tisa. Watu wakapanda kilimani kutafuta mwezi mwandamo, na mwalimu akabeba darubini yake. Sasa sikilizeni vizuri nani alifanya nini.

Mwalimu aliilenga nyota kubwa ya magharibi, ile ing'aayo hata kabla ya giza, apate kitu cha kurekebishia kioo. Kabla hajachungulia jua likazama, akageuka kufungua saumu kwa tende na maji.

Zubeda, fundi cherehani ambaye hata kipande cha kitambaa kilichobaki humrudishia mteja, akainama akachungulia. Akaona mwezi mwembamba kama ukucha, una pembe mbili. "Huu hapa! Wallahi nauona!"

Hiza, mtangazaji wa msikiti, kila mwaka humwuliza shahidi ameuona wapi, kisha hutazama mwenyewe. Safari hii hakuuliza wala hakutazama. Alishuka mbio, akashika kipaza sauti: "Kesho Idd!"

Mwalimu aliporudi kuchungulia, wingu lilikuwa limefunika. Moyoni alijua chombo kilikuwa kimeelekea nyota. Alitaka kusema, lakini watu walikuwa wanampa mkono. "Mwalimu, umetuletea sikukuu!" Akanyamaza.

Kijiji kikala Idd. Jioni yake mwalimu akailenga tena nyota ile, na safari hii akaiona mwenyewe: ina pembe. Ilikuwa sayari ya Zuhura, ambayo nyakati fulani darubini huionyesha kama mwezi mchanga. Akawaita Zubeda na Hiza. "Jamani, ule haukuwa mwezi. Tulipaswa kutimiza thelathini; tumekula siku ya Ramadhani."

Shehe akasema kila mtu ailipe siku hiyo. Watu wakanung'unika, wakakubali. Ila Bi Mwantumu, bibi mzee wa pale kijijini, hakuweza. Miaka minne maradhi ya tumbo yalimzuia kufunga. Mwaka huu alifunga zote ishirini na tisa, na kila akifuturu alilia kwa furaha. Wiki ile ile ya sikukuu maradhi yakarudi, na daktari akamkataza kufunga maisha yake yote.

Watatu wakaenda kumwomba radhi.

Zubeda akasema, "Bibi, nilisema nilichokiona. Ningeficha ningekuwa mwongo. Hiza ndiye wa kuniuliza."

Hiza akasema, "Shangazi, nilimwamini mtu mkweli. Nani hapa angemtilia shaka Zubeda? Na chombo si changu, sikijui. Anayekijua ni mwalimu."

Mwalimu akasema, akiangalia chini, "Mama, mimi sikusema mwezi umeandama, wala sikutangaza. Nilinyamaza tu."

Bi Mwantumu akatikisa kichwa. "Nilitaka kufunga mwezi mmoja mzima kabla sijafa," akasema. "Mmoja tu. Mmenikatia siku, na mimi sina pa kuipata tena." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Wawili kati yenu nimewasamehe kwa moyo mweupe. Wa tatu anajijua. Aje peke yake aniambie, 'Ni mimi.' Asipokuja, tutaonana mbele ya Mungu."

Wakatoka. Njiani kila mmoja akawatazama wenzake wawili, akashusha pumzi, akijihesabu kati ya waliosamehewa. Siku ya kwanza hakuna aliyerudi. Ya pili hakuna.

Mimi kila nikiisimulia hii nabadili mawazo, na wakati mwingine nawakasirikia wote. Basi nisaidieni nyie mnaonisikiliza. Bibi anadhoofika, na mlango wake ameuacha wazi. Je, kati ya aliyeona, aliyetangaza na aliyenyamaza, ni nani anayepaswa kurudi?