Maji ya Kumwosha Hodan

Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Serikali nayo ni mti, na wengi huitamka methali hii wakitikisa kichwa juu ya watu waliopotewa na serikali yao, kana kwamba wamekwisha kumzika mwana wa ndege mwenyewe. Wangemjua Anab wa mtaa wa Pipeline wasingekuwa na haraka hiyo.

Anab alikuwa mwalimu Mogadishu, enzi ambazo kumwuliza mtu ukoo wake hadharani kulikuwa utovu wa adabu. Darasani alimwita kila mtoto kwa jina lake, basi. Kisha serikali ikaporomoka, na swali lile la aibu likawa ndiyo salamu. Mumewe aliulizwa kwenye kizuizi cha barabarani, akajibu kweli, akapigwa risasi. Anab alivuka mpaka akiwa na mimba ya Sharmarke, na tangu siku hiyo jina la ukoo wa wauaji wale lilimkaa kooni kama mwiba.

Miaka thelathini na ushei baadaye, asubuhi moja, mwanamume aitwaye Abdijabar alibisha mlangoni pake. Mama yake, Hodan, alikuwa amefariki alfajiri katika ghorofa ya juu. Walikuwa wamehamia juzi tu, jamaa zao wote wako mbali, na maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake. Alikuwa amesikia kwamba Anab huosha, naye alitaka mama yake azikwe kabla ya alasiri. Lakini hakuingia ndani. Alisimama kizingitini akaanza kutaja majina ya babu zake, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo desturi ya kwao, ili Anab asije akasema baadaye kwamba alifichwa. Jina la tisa, la babu aliyeupa ukoo jina, lilikuwa lile lile.

Anab alishika ubao wa mlango. Nisiwadanganye, alitaka kuufunga.

"Mama, hao ndio walimuua baba," Sharmarke alisema nyuma yake. "Wacha watafute watu wao."

Abdijabar aliinamisha kichwa, akageuka kwenda zake. Kwenye ngazi alipishana na Kamene, jirani muuza mboga, akihema na mitungi miwili ya maji, kama afanyavyo kila asikiapo msiba, pasipo kuombwa na mtu. Kamene ni Mkamba, na habari za koo za Wasomali kwake ni giza tupu.

"Mama Sharmarke, hii itatosha ama niongeze?"

Anab aliitazama ile mitungi. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Waliomuua baba yako waliuliza ukoo kwanza. Nikiufuata ukoo na mimi, nitakuwa mmoja wao."

Akajitanda ushungi, akamwita Abdijabar arudi, akamwomba Kamene aongeze mitungi miwili.

Alimwosha Hodan taratibu. Alimwita kwa jina lake, kama alivyowaita watoto darasani. Alipomaliza, jeneza lilikuwa mlangoni, Abdijabar ameshika upande mmoja na Sharmarke, bila kuambiwa, upande wa pili. Wakamshusha mama wa watu ngazi zote zile mabegani mwao, na alasiri ikamkuta amekwisha kuzikwa. Mimi namvulia Anab kofia.

Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Huyumba, ndugu zangu. Methali haikusema huanguka.