Ua wa Masale wa Mama Pimbi

Hadithi hii aliisimulia kwanza Bibi Naetwe, mama mzaa baba yangu, mwaka 1958, siku walipopanda ua nyuma ya jiko. Naiandika alivyoisema.

"Wenye masikio mpo?"

"Tupo, tunakusikia."

"Na jirani?"

"Naye yupo, nyuma ya ukuta."

"Basi niseme taratibu."

Palikuwa na Pimbi, mama wa watoto wanne. Kiwanja chake nusu kilikuwa magimbi, nusu mawe matupu. Magimbi yale ndiyo chakula chao cha kiangazi, hawakuwa na kingine. Jirani yake alikuwa Nguruwe. Kila asubuhi Nguruwe alichungulia, akanusa: fu, fu, fu.

"Magimbi yamenenepa, Mama Pimbi."

"Bado machanga, Baba Nguruwe."

Pimbi aliijua pua ile. Akaamua kupanda ua wa miti isiyopukutisha majani, asichunguliwe masika wala kiangazi.

Akapanda mchongoma. Nguruwe akaja: fu, fu, fu.

"Huu una miiba. Unataka nichomwe?"

Akaung'oa.

Akapanda mnyaa. Nguruwe akaja: fu, fu, fu.

"Utomvu wa huu unapofusha. Unataka nipofuke?"

Akaung'oa. "Unaficha nini, mama?"

"Sifichi kitu."

"Sasa ua wa nini?"

Pimbi akaleta miche ya masale. Hapo Nguruwe akasita, maana kwetu sale likishapandwa mpakani haling'olewi, na aliyelipanda kwa mkono wake halivuki. Akilivuka, hata wanawe hawamwamkii.

"Nitakubali," akasema Nguruwe, "ukinipa nusu ya kiwanja. Nusu naichagua mimi, na masale nayapanda mimi. Wewe sikuamini."

Pimbi akawatazama watoto wake wanne. Kisha akasema upesi, "Chukua ya magimbi, jirani. Chukua yote. Mimi niachie mawe tu."

Nguruwe akayatazama magimbi, akayatazama mawe.

"Mbona haraka hivyo?"

"Haraka gani? Ni mawe tu."

"Yana nini chini?"

"Mawe mengine."

Pimbi akaenda kuyafunika kwa majani makavu, huku akigeuka nyuma.

"Acha hapo," akasema Nguruwe. "Nachukua mawe."

Akachimba, akapanda, akashindilia: ti, ti, ti. Mche kwa mche, mpaka jioni ua ukasimama. Kesho yake akaanza kuchimbua mawe: ko, ko, ko. Jiwe. Ko, ko, ko. Jiwe. Siku ya tatu pembe ya mdomoni ikakatika. Akarudi uani, akanusa: fu, fu, fu. Upande wa pili sufuria ilikuwa ikichemka.

"Mama Pimbi, ulinidanganya."

"Nilikwambia uchukue magimbi. Nikakwambia chini kuna mawe. Lipi la uongo?"

"Nifungulie basi, nipite."

"Masale ulipanda mwenyewe, Baba Nguruwe."

Hapo ndipo hadithi ilipofika, nami naizungushia ua.

"Funzo," alisema Bibi, akishindilia udongo kwenye sale la mwisho, "ni kwamba jirani mwema hahitaji ua. Ishini wazi, wanangu."

Bibi Naetwe alifariki mwaka 1983. Masale yake yako hai, yamepita urefu wa paa la jiko. Jirani wa siku ile, Mzee Senkondo, naye yu hai. Ana miaka tisini na tatu, na bado anachungulia.